Bodi ya Uongozi na Saa ya Bakteria

Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, watafiti wenzangu na wageni waalikwa, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie bodi ya uongozi ya taasisi inayofanya utafiti wa bioteknolojia ya mazingira: iko kwa ajili gani, wakae akina nani, na wakishakaa wafanye nini. Mada za bodi husinzisha watu, hasa saa hizi za baada ya chakula. Kwa hiyo nitaanza na bakteria, bodi tutaikuta njiani.

Mwaka 1977 mwanakemia wa Austria, Engelbert Broda, alipiga hesabu za nishati akafikia hitimisho la ajabu kidogo: kwamba huko duniani lazima kuna vijidudu vinavyoweza kuishi kwa kuoksidisha amonia pasipo oksijeni. Hakuna aliyekuwa amewahi kuviona. Hesabu ikakaa kwenye makabati. Miaka mingi baadaye, mjini Delft, Uholanzi, watu waliokuwa wakiendesha mtambo wa majaribio wa kusafisha maji taka ya kiwanda cha chachu wakagundua kwamba amonia inapotea na hawajui inakopotelea. Arnold Mulder na wenzake wakachapisha matokeo hayo mwaka 1995. Mchakato huo wa bakteria kuoksidisha amonia pasipo oksijeni, uleule wa hesabu za Broda, leo tunauita anamoksi, na faida yake mnaijua: njia ya kawaida ya kuondoa amonia inadai upulize hewa nyingi kwenye matangi, na hewa hiyo ni bili ya umeme. Anamoksi inapunguza mzigo huo kwa kiasi kikubwa.

Mtambo wa kwanza wa ukubwa kamili uliwashwa Rotterdam mwaka 2002. Wahusika waliamua kuruka ngazi. Badala ya kupitia mtambo wa majaribio wa ukubwa wa kati, walitoka kwenye chombo cha maabara wakaenda moja kwa moja kwenye reakta, yaani tangi la kufugia bakteria, ya mita za ujazo 70. Sasa, bakteria wa koli, E. coli, akipata chakula na joto zuri huzaliana kila baada ya dakika 20 hivi. Hawa wa anamoksi, kwa vipimo vya miaka ile, walihitaji takriban siku 11. Kuufikisha mtambo ule kwenye uwezo wake kamili kulichukua miaka 3 na nusu.

Hebu jiwekeni kwenye kiti cha mjumbe wa bodi katika mwezi wa 18. Mkurugenzi ameingia na kabrasha lake. Tangi limejengwa, pampu zinazunguka, mishahara inalipwa, na kwenye jedwali la utendaji hakuna cha maana kinachoonekana. Mfadhili ameandika barua mbili za upole, ya tatu haitakuwa ya upole. Mjumbe mmoja, mtu wa biashara, anasema tufunge tupunguze hasara. Profesa anasema sayansi haiharakishwi. Wote wawili wanaongea kwa hisia tu, hakuna mwenye ushahidi.

Swali la kuuliza siku hiyo ni moja: tangi hili limechelewa, au limekufa? Kwenye ripoti ya robo mwaka, kuchelewa na kufa vinafanana kabisa. Kule Rotterdam watafiti walikuwa na jibu, kwa sababu walikuwa wakipima vinasaba vya bakteria kwa PCR, njia ya maabara ya kunakili vinasaba mara nyingi ili viweze kupimika. Tope lilionyesha kwamba bakteria wanaongezeka kwa mwendo uleule waliotarajia, ingawa kiasi cha amonia kinachoondolewa kilikuwa bado kidogo mno kuweza kupimwa vizuri. Huo ndio ushahidi unaoiwezesha bodi kusema subirini, na kusema hivyo bila kubahatisha. Nao lazima uandaliwe kabla mradi haujaanza. Bodi inapoidhinisha mradi wa miaka minne, iandike kwenye muhtasari: tutajuaje, katikati ya safari, kwamba kitu kiko hai? Ukiuliza swali hilo matatizo yakishafika, kila mtu atakujibu kwa kulinda kiti chake.

Hapa ndipo penye hoja yangu yote ya leo. Fedha za taasisi zina walinzi wengi: mhasibu, mkaguzi wa ndani, mkaguzi wa nje, mfadhili mwenyewe. Muda hauna mlinzi. Mtafiti anaishi kwa mzunguko wa ruzuku, mkurugenzi kwa mkataba wake, mfadhili kwa mwaka wake wa fedha. Bakteria, udongo na maji ya chini ya ardhi havina habari na mizunguko hiyo. Katika taasisi nzima, chombo pekee ambacho kinaweza kuangalia muda kama unavyokwenda kwa bakteria ni bodi. Ikishindwa hilo, mengine yote inayofanya yangeweza kufanywa na karani mzuri.

Nani basi akae kwenye bodi hiyo? Nitaanza na onyo kutoka nyumba ya jirani, upande wa tiba. Kampuni ya Theranos ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2003 kwa ahadi ya kupima magonjwa kwa matone machache ya damu, iliwahi kuwa na bodi iliyojaa majina ya kutisha: George Shultz, Henry Kissinger, Jenerali James Mattis. Waziri wa mambo ya nje wa zamani, wa pili naye hivyohivyo, na jenerali. Watu wenye akili, bila shaka. Ila chumba kile kilikuwa na njaa ya mtu mwenye uzoefu wa kuendesha maabara ya vipimo, mtu ambaye angeomba kuiona mashine ikifanya kazi kisha akakataa kuondoka mpaka aione. Gazeti moja likaanza kuichimba mwaka 2015, na Januari 2022 mwanzilishi wake akatiwa hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji.

Watu wengi wakisikia kisa hicho hukimbilia upande wa pili na kujaza bodi maprofesa watupu. Sikubaliani nao. Maprofesa wa fani moja hustahiana. Wanapitiana makala, wanaketi kwenye kamati za wanafunzi wa wenzao, kesho huyu ataomba barua ya mapendekezo kwa yule. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Niwape mfano mmoja nilioutengeneza, ila kemia yake ni ya kweli. Taasisi inasafisha maji ya chini ya ardhi yaliyochafuliwa na viyeyusho vyenye klorini, vile vilivyotumika kusafishia mitambo na nguo. Wanatumia jamii ya bakteria waitwao Dehalococcoides, ambao hung'oa atomu za klorini moja baada ya nyingine. Kwenye ukurasa wa tisa wa kabrasha kuna grafu nzuri sana: mstari wa trikloroethilini, kimojawapo cha viyeyusho hivyo, unashuka kutoka juu kushoto hadi chini kulia, na chini yake imeandikwa kwamba uchafu umepungua karibu wote. Wajumbe wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha mhasibu, ambaye kemia aliiacha sekondari, anauliza: "Hicho kilichopungua kimekwenda wapi?"

Swali la kimhasibu kabisa: kilichotoka huku kionekane kimeingia kule. Na jibu ni zito. Klorini zikiondolewa zote unabaki na ethilini, ambayo haina shida kubwa. Lakini kazi ikikwama njiani, kwa kukosa bakteria wa aina inayotakiwa au kwa hali ya maji kutoruhusu, unabaki na kloridi ya vinili, ambayo inajulikana wazi kusababisha saratani kwa binadamu. Grafu ya ukurasa wa tisa haikusema uongo hata chembe. Ilikosa mistari mitatu tu: wa dikloroethilini, inayozalishwa njiani, wa kloridi ya vinili na wa ethilini. Mhasibu wa namna hiyo namtaka kwenye bodi yangu, na nitampa uenyekiti wa kamati ya ukaguzi. Pembeni yake nimkalishe mhandisi aliyewahi kuendesha mtambo wa maji taka usiku pampu zikiharibika, mwanasheria, mtu wa afya ya jamii, na mtu anayetoka kwenye jamii itakayoishi jirani na majaribio. Huyu wa mwisho apewe kabrasha mapema na kwa lugha anayoielewa, la sivyo mnamweka pale kama pambo.

Sasa tuje kwenye kutoka maabara kwenda nje. Hapa bodi haipaswi kukaimisha madaraka yake kwa mtu yeyote, hata mkurugenzi mnayempenda. Mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Tennessee na maabara ya Oak Ridge waliweka kwenye udongo bakteria aliyebadilishwa vinasaba, Pseudomonas fluorescens HK44, aliyetengenezwa atoe mwanga anapovunjavunja kemikali chafuzi iitwayo naftalini. Lilikuwa jaribio la kwanza la usafishaji wa mazingira la aina hiyo kuruhusiwa nchini Marekani. Tazameni lilivyofanyika: waliomba kibali, udongo ukawekwa ndani ya vyombo vikubwa vilivyofukiwa, si shamba la wazi, na wakafuatilia kwa kama miaka miwili.

Linganisheni na kampuni ya Advanced Genetic Sciences ya California, miaka ya 1980. Walikuwa na bakteria aliyeondolewa jeni ili asisaidie barafu kujijenga kwenye mimea. Mwaka 1986 ikabainika kwamba walikuwa wamekwisha mwingiza bakteria huyo kwa sindano ndani ya miti iliyokuwa juu ya paa la jengo lao kabla ya kibali cha kumpeleka nje. Mamlaka ya mazingira ikasimamisha kibali na kuwapiga faini. Jaribio lilipofanyika hatimaye kwa idhini, mwaka 1987, dunia ikaona picha za mafundi waliovaa mavazi ya kujikinga mwili mzima wakinyunyizia stroberi. Bakteria mwenyewe hakumdhuru mtu. Kilichowadhuru wao ni lile paa. Sheria nazo zimeongezeka tangu wakati huo. Itifaki ya Cartagena, iliyoanza kutumika Septemba 2003, inahusu usafirishaji wa viumbe vilivyobadilishwa vinasaba kuvuka mipaka. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inagusa hata wale wanaochota tope la nchi nyingine wakitafuta bakteria wa asili. Mjumbe asiyezijua hizi mbili azisome kabla ya kikao kijacho.

Kuhusu hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, nitakwenda haraka. Ananda Chakrabarty, akiwa General Electric, alitengeneza bakteria wa kula mafuta, na Juni 1980 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaamua kwamba kiumbe hicho kinaweza kupewa hataza. Uamuzi mkubwa sana kisheria. Lakini meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, usafishaji wa kibayolojia kwenye fukwe zile ulifanywa kwa kunyunyiza mbolea. Bakteria wa kula mafuta walikuwapo palepale, wenyeji, walichokosa ni nitrojeni na fosforasi. Kwa hiyo bodi ikiletewa ripoti inayohesabu hataza kama mafanikio, iulize ni ngapi kati ya hizo zimewahi kusafisha kitu.

Mgongano wa maslahi una sura yake katika fani hii. Anayelipia utafiti mara nyingi ndiye aliyechafua. Sioni ubaya wa kupokea fedha zake, zitumike kuondoa alichokimwaga. Ila asiwe na kiti kwenye bodi, asiwe na haki ya kuzuia matokeo kuchapishwa, na wajumbe wenye hisa au ushauri wa kulipwa kwake watamke hivyo na watoke nje suala hilo likijadiliwa. Kutamka halafu ukabaki umekaa, kama nilivyoona kwenye zaidi ya bodi moja, ni sawa na kutotamka.

Lingine ambalo bodi nyingi hulisahau ni visima vya upimaji. Mradi ukiisha, magari yanaondoka, visima vinabaki na mifuniko yake, na hakuna fungu la kumlipa mtu wa kwenda kuchukua sampuli. Kloridi ya vinili niliyoisema hapo juu inaweza kujitokeza wakati huo hasa, wakati hakuna anayepima. Kila bajeti inayokuja mbele yenu iwe na fungu la ufuatiliaji lililotengwa tangu mwanzo, kwenye akaunti ambayo mkurugenzi hawezi kuigusa bila idhini ya bodi. Wafadhili watalalamika kwamba hawalipii miaka baada ya mradi. Walalamike.

Kuna dada ameniletea swali kwenye karatasi: je, mkurugenzi mtendaji awe mjumbe wa bodi? Kwa maoni yangu ahudhurie, aongee, asipige kura. Na kila kikao kiwe na sehemu ambayo yeye na wasaidizi wake wanatoka, wajumbe wakabaki peke yao na katibu, hata kama hakuna tatizo lolote. Ikiwa ni desturi ya kila mara, hakuna atakayetafuta mchawi siku mtakapokuwa na jambo la kweli la kuzungumza. Baada ya hapo mkurugenzi aitwe, aambiwe kwa kinywa yaliyosemwa, palepale, kabla watu hawajafika kwenye magari.