Bibi wa Kijivu na Mabwana Walioapa Useja

Wazee wangu, ndugu zangu, hamjambo. Nimeombwa niseme juu ya mizuka, nami nikakubali kwa sharti moja: mtu asije kuniuliza mwishoni kama nimewahi kuuona. Sijauona. Nimelala Birgu siku tatu, taa nimezima, na kilichonitoa kitandani ni mbu.

Birgu ni mji mdogo kule Malta, umekaa juu ya ulimi wa mwamba ulioingia ndani ya bandari kuu, unatazamana na mji mkuu, Valletta. Ukiingia utadhani umepotea njia ya Mji Mkongwe. Vichochoro ni vile vile vya kupishana bega kwa bega, vibaraza vya mbao vimening'inia juu, milangoni pete za shaba za kubishia hodi. Jiwe lao ndilo lililo tofauti na matumbawe yetu: lina rangi ya asali, laini, hukatwa kwa msumeno, na ukiliegemea linakuachia vumbi begani. Na lugha! Wamalta ni Wakatoliki hasa, lakini Mungu wanamwita Alla, Kwaresima wanaiita Randan, na wakihesabu utasikia sitta, sebgħa, disgħa. Sita, saba, tisa. Walikochukua wao ndiko tulikochukua sisi.

Mwaka 1530 wakafikia hapo askari watawa wa Shirika la Mtakatifu Yohane, wale ambao vitabu huwaita mashujaa wa msalaba. Sultani Suleiman wa Waturuki alikuwa amewatoa kisiwani Rhodes, na Kaizari Charles wa Tano akawapa Malta kwa kodi ya kozi mmoja kwa mwaka. Ndege mmoja! Wenye nyumba wa Kariakoo wasisikie. Mtaa wao, Collachio, wakagawana kwa mataifa: Wafaransa na nyumba yao, Waingereza na yao, na kadhalika. Nyumba ya Waingereza bado imesimama, ingawa mfalme wao Henry wa Nane alilivunja shirika kwao mwaka 1540, hata vita vilipofika Mwingereza anayetajwa ni Oliver Starkey tu, karani wa Mkuu wa Shirika.

Vita vyenyewe ni vya 1565. Kama mizuka ingekuja kwa wingi wa vifo, Birgu isingekalika. Waturuki waliuzingira mji kuanzia Mei hadi Septemba. Ngome ya St Elmo, ng'ambo ya maji, ilianguka Juni 23, na maiti za mashujaa, hazina vichwa, zikaelea hadi Birgu zimefungwa kwenye misalaba ya mbao. Mkuu wao, Jean de Valette, akajibu kwa kuwachinja mateka wa Kituruki na kuvifyatua vichwa vyao kwa mizinga. Ushindi ndio ulioupa mji jina la Vittoriosa.

Basi mimi nilikwenda nikitarajia mizuka ya aina hiyo, panga mkononi, kichwa kwapani. Kila niliyemuuliza alinielekeza ngomeni, St Angelo, na ngomeni akanitajia mwanamke.

Wanamwita Bibi wa Kijivu, kwa sababu ya gauni lake. Alikuwa hawara wa kapteni mmoja wa ukoo wa Nava, wasimamizi wa ngome. Bibi akachoka kuwa wa mlango wa nyuma, akataka aonekane. Bwana akawaambia walinzi wamnyamazishe, nao wakamnyamazisha moja kwa moja, wakamziba kwenye chumba cha chini. Wengine huongeza kwamba walinzi nao waliuawa ili siri isitoke, na ndiyo maana hadithi hii hunichekesha kidogo: siri ya watu waliokufa wote, ilitokaje?

Jibu langu ni hili, na ndilo lililonileta hapa. Wale mabwana wa Shirika walikuwa wameweka nadhiri tatu: ufukara, useja na utii. Mtaa mzima ulijua jinsi zilivyotunzwa, lakini nani angethubutu kusema? Hakimu alikuwa wao, askari wao, jela yao. Jambo lisiloandikika daftarini likapewa gauni la kijivu, likaachwa litembee usiku. Huwezi kumshtaki mtu kwa kusema ameona mzuka. Kwangu mimi, mzuka wa Birgu ni umbea uliopata hifadhi.

Na sisi wa pwani tuna neno letu. Kizuka ni kiumbe kinachotokea usiku, na kizuka ni mjane anayekaa eda, aliyefungiwa ndani haonekani. Sijui kama waliounda neno walifikiria hayo kwa pamoja, lakini nikisikia habari za bibi yule aliyezibwa ukutani, maana zote mbili hunijia.

Husimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20, watoto walipoanza kumwona, aliletwa kasisi akampunga, akatulia. Kisha vikaja Vita Kuu vya Pili, mabomu yakamwagika bandarini, naye akarudi. Safari hii anasemekana aliwatoa mabaharia wa Kiingereza ndani ya chumba kabla bomu halijaanguka. Mnaona? Akiudai utu wake anapungwa, akiokoa mabaharia anashukuriwa.

Dada hapa mbele ananiuliza jina lake. Halimo, dada yangu. La bwana limebaki, la bibi hakuna anayelijua.

Mlinganishe na Shujaa Mweusi wa Ngome ya Manoel, kisiwani upande wa pili wa Valletta. Huyo huvaa deraya kamili na hufanana, wanasema, na Mkuu António Manoel de Vilhena, aliyeijenga ngome hiyo katika miaka ya 1720. Alianza kutokea baada ya kanisa la ngome kupigwa mabomu mwaka 1942. Mafundi wakashuka kaburini chini ya kanisa, wakakuta limeharibika, wakalitengeneza, naye hakuonekana tena. Bwana mkubwa alikuwa na malalamiko ya ukarabati, yakashughulikiwa!

Lakini kuna kundi ambalo sikulikuta. Merikebu za mashujaa zilivutwa kwa makasia na watumwa, wengi wao Waislamu waliotekwa baharini, na gati lilikuwa hapo hapo chini ya ngome. Mwaka 1749 watumwa walipanga kuasi, wakagunduliwa, wakauawa kwa mateso. Kwetu wazee husema chini ya nguzo za Beit el-Ajaib wamo watumwa, kweli au si kweli, lakini husemwa. Birgu nilitafuta mzuka wa mpiga kasia, nikaukosa.

Ilikuwa Oktoba, usiku ule wanapozima taa za mji na kuwasha mishumaa kila dirisha, nta inachuruzika juu ya ngazi za mawe. Nikanunua mshumaa kwa mzee mmoja, nikamuuliza: mbona mizuka yenu yote ni mabwana na mabibi, watumwa wako wapi? Akafikiri kidogo, akaniuliza naye, hao wangesema nasi kwa lugha gani? Kisha akanihesabia chenji kiganjani: erbgħa, ħamsa, sitta, sebgħa.