Mume akiwahi mafao, mjane ndiye anayelipa

Nimelisema kila ninapoalikwa na leo narudia: mwenye mshahara mkubwa katika ndoa anapoomba mafao ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani akiwa na miaka 62, anajipunguzia yeye na anampunguzia atakayemwacha.

Tumchukue mume aliyezaliwa 1960 au baadaye. Umri wake kamili, yaani wa kulipwa mafao bila kupunguzwa, ni miaka 67. Tuseme hapo stahili yake ni dola 2,000 kwa mwezi. Akianza na 62 anapata 1,400. Akingoja hadi 70 anapata 2,480. Hayo mnayajua.

Sasa afariki. Mjane aliyefikisha umri kamili, mwenye mafao yake madogo, anabaki na nini? Aliyengoja kamwachia 2,480 zote. Aliyewahi kamwachia 1,650, kwa kuwa sheria inamkinga mjane kwa asilimia 82.5 ya zile 2,000. Tofauti ni dola 830 kila mwezi, na huenda mjane akaishi miaka 20 zaidi!

Najua kuna anayetaka kuniuliza, "Je, nikingoja nikafa na 69 sijala hata senti?" Jamani, swali hilo linamsahau mke. Nyongeza zote za tangu 67 hadi kufa kwako zinaingia kwenye fungu la mjane. Mseja mgonjwa, naam, hesabu yake ni nyingine. Wala msichanganye na fungu la mke wakati mume yu hai: hilo haliongezeki kwa mume kungoja, mwisho wake ni nusu ya 2,000.

Mjane mwenyewe anaweza kuanza na miaka 60, kwa asilimia 71.5. Fungu hilo halikui baada ya umri kamili, kwa hiyo kulingojesha hadi 70 ni hasara tupu. Kama mafao ya kazi yake yatakuwa makubwa zaidi akifika 70, aanze na ya ujane, kisha ahamie yake. Hapa ndipo wengi wanaumia: ombi moja laweza kuchukuliwa kuwa la yote mawili. Aandikishe kwenye maelezo ya fomu kwamba anaomba ya ujane peke yake, asome, ndipo asaini.

Upesi upesi, muda umekwisha. Kuolewa tena kabla ya 60 kunamfungia mlango ndoa hiyo ikidumu. Baada ya 60, hapana. Na aliyeomba mafao yake ya uzee mapema, kama haijapita miezi 12, anaweza kufuta ombi mara moja tu maishani, akirudisha kila dola aliyolipwa yeye na familia yake.