Mtoto wa Omaha na Mtoto wa Ng'ambo ya Mto

Shikamooni wazee wangu, mama zangu. Vijana, habari za jioni. Najua wengi mmekuja kuuliza fomu ya fudistempu, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, inajazwaje. Tutaijaza baadaye, pale meza ya nyuma. Kwanza tujue nani anaamua.

Ukishuka hapa Omaha, jimbo letu la Nebraska, hadi Mto Missouri utakuta daraja la waenda kwa miguu, la Bob Kerrey. Ukilivuka uko Council Bluffs, jimbo la Iowa. Kiangazi cha 2024, mtoto wa upande wetu anayekula shuleni bure au kwa bei nafuu aliwekewa dola 120 kwenye kadi, zimsogeze shule zikiwa zimefungwa. Mwenzake wa ng'ambo, ambaye huenda mama zao wanakata nyama kiwanda kimoja, hakupata senti. Chakula chenyewe kinalipwa na serikali kuu, Washington, lakini jimbo lazima likubali kwanza. Gavana wa Iowa, Kim Reynolds, alikataa.

Tusiwacheke. Gavana wetu naye, Jim Pillen, alikataa. Desemba 2023 alisema haamini mambo ya misaada ya serikali. Na hesabu yenyewe! Jimbo litoe kama dola 300,000 za uendeshaji, lipokee kama milioni 18. Hata muuza mandazi angeichangamkia.

Kilitokea nini? Watu zaidi ya 6,000 walisaini ombi. Seneta mmoja akapeleka muswada wa kulilazimisha jimbo lizichukue. Lakini Februari 2024, alipogeuza uamuzi, gavana mwenyewe alitaja wanafunzi wa sekondari waliokaa naye wakamweleza njaa ya likizo inavyokuwa. Watoto, jamani, si wataalamu.

Nayasema haya leo kwa sababu mambo yamekaza. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imemwondoa mkimbizi kwenye fudistempu mpaka apate grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Tena kuanzia Oktoba 2027, jimbo lenye makosa mengi ya malipo litabebeshwa sehemu ya gharama ya chakula, hadi asilimia 15. Mimi naogopa jambo moja: ofisa anayekwepa makosa atakudai karatasi ya tatu, kisha ya nne, na wewe umetoka zamu ya usiku.

Kwa hiyo twendeni Lincoln, mji mkuu wa jimbo letu. Bunge letu lina baraza moja tu, maseneta 49, na kila muswada husikilizwa hadharani. Unajaza karatasi mlangoni, unasubiri (beba maji na kitu cha kutafuna, kusubiri kwenyewe ni kwa saa nyingi), kisha unaitwa kitini. Kuna taa: kijani unaongea, njano unamalizia, nyekundu basi. Ni dakika chache sana. Usizipoteze kwa takwimu, wanazo. Waambie pesa za kadi zinaisha tarehe ngapi, na kuanzia siku hiyo nyumbani mnapika nini. Ukisema ni ugali na chumvi, sema ugali na chumvi.

Najua kuna anayejisemea Kiingereza chake kimevunjika. Kivunjike tu, wataelewa. Kigumu zaidi ni jina: wanataka ulitaje herufi kwa herufi, liingie kwenye kumbukumbu, na majina yetu mnayajua urefu wake. Tufanye mazoezi sasa hivi. Mama wa kitenge cha bluu, karibu hapa mbele. Anza na jina, polepole.