Kabla Hujachora Grafu, Litazame Faili

Jamani, habari za jioni. Naona waliowahi wamejazana nyuma na viti vya mbele viko wazi. Sogeeni, sing'ati.

Kila tukikutana, haipiti nusu saa kabla hatujaanza kubishana kama R inaishinda Python, hizi lugha mbili za kompyuta tunazochambulia data. Waliokuja kwa ajili ya ubishi huo leo nitawavunja moyo. R iliasisiwa na watu wa takwimu, Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, kwa kuifuata S, lugha ya takwimu iliyoitangulia, kwa hiyo jedwali la data limo ndani yake lenyewe. Python ya Guido van Rossum ilitoka 1991 ikiwa lugha ya kazi yoyote ile, na jedwali la namna hii ikalipata baadaye sana, Wes McKinney alipoanza kuiandika pandas, nyongeza ya Python ya kushughulikia majedwali, mwaka 2008. Basi. Ukiijua moja barabara, ya pili haitakusumbua.

Ninachotaka kusema ni kwamba hesabu nyingi mbovu ninazoletewa nikague hazikuharibikia kwenye lugha wala kwenye modeli. Ziliharibikia kwenye mstari ule mmoja wa kusoma faili, tena kimyakimya.

Tazameni ukutani. Nina faili dogo la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu lililotenganishwa kwa koma: safu moja ina alama za nchi za herufi mbili, nyingine ina mauzo. ZM ni Zambia, BW Botswana, ZA Afrika Kusini, NA Namibia. Nalisoma kwa read_csv, amri ya pandas ya kusoma faili, tupu, bila nyongeza yoyote. Mmeona? Zambia ipo, Botswana ipo, Afrika Kusini ipo. Pale pa Namibia pameandikwa NaN, yaani hapana kitu. pandas ina orodha yake ya maneno inayoyahesabu kuwa pengo, na NA imo. Wa R msicheke: read.csv yenu nayo huichukulia vivyo hivyo.

Subirini, bado. Sasa najumlisha mauzo ya kila nchi kwa groupby, amri ya kupanga mistari kwa makundi. Zimekuja jumla tatu. Namibia haikuonyeshwa hata kama pengo, kwa sababu groupby huyatupa mapengo usipoiandikia dropna=False. Ripoti itamfikia bosi ikiwa nadhifu kabisa, ina rangi zake na kila kitu, na hakuna atakayejua kuna nchi nzima imetoka. Dawa yake ni kuandika keep_default_na=False, halafu utaje mwenyewe kwenye na_values ni kitu gani kwako ni pengo.

Safu ya pili ya kuiogopa ni ya namba za utambulisho. Mwanachama namba 00417, ukimsoma bila maelekezo, anakuwa 417. Mwenzake mmoja akiwa hana namba, kisanduku kikaachwa wazi, safu nzima inageuka kuwa ya desimali na mwanachama wetu anakuwa 417.0. Ukijaribu kuiunganisha na jedwali jingine ambako namba ni maandishi, pandas itagoma kwa kelele, na hapo una bahati. Balaa ni pale unapoona ile kelele ukaibadilisha safu iwe maandishi haraka haraka. Sasa una maandishi "417.0" yanayotafuta "00417", hayatampata milele, na merge, ile amri ya kuunganisha majedwali, haitasema neno. Namba usiyoijumlisha wala kuitafutia wastani si namba, ni jina. Isome kama maandishi tangu mwanzo, kwa dtype, pale unapotaja aina ya kila safu.

Tarehe nitazipitia kwa haraka. 03/04/2021 ni Aprili au Machi? Usipoiambia, pandas hutanguliza mwezi, Kimarekani. Matoleo ya kabla ya 2.0, lililotoka 2023, yalifanya jambo baya zaidi: 03/04 ilisomwa tarehe 4 Machi, lakini 13/04 ya mstari uliofuata, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, ikageuzwa kuwa tarehe 13 Aprili. Safu moja, desturi mbili. Siku hizi to_datetime, amri yake ya kusoma tarehe, hukisia mtindo kutoka thamani ya kwanza na kuushikilia, ikikwama inalalamika. Bado, andika format mwenyewe.

Msidhani haya ni ya wanaoanza. Mwaka 2020 Uingereza ilipitwa na karibu wagonjwa 16,000 wa korona katika hesabu za kila siku, kwa kuwa data zilipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, lenye mwisho wa mistari 65,536. Mwaka huohuo kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kuwa imebadilisha baadhi ya majina, mfano MARCH1 ikawa MARCHF1, maana Excel ilikuwa inayageuza kuwa tarehe. Wanasayansi wamesalimu amri mbele ya programu ya mahesabu ya ofisini! Mimi hilo sijalizoea hadi leo.

Nimeona mkono kule nyuma. Swali ni kwamba kusoma kila safu kama maandishi si kutamaliza kumbukumbu ya kompyuta? Kweli, kwa mistari milioni kumi utaumia. Kwa hiyo soma kwanza mistari 1,000 kwa nrows, safu zote kama maandishi, uzitazame kwa macho yako, uamue aina ya kila safu. Kisha soma faili zima na dtype uliyoiandika. Ukimaliza, hifadhi kwa Parquet, muundo mwingine wa faili la jedwali, badala ya CSV, kwa sababu Parquet hubeba aina ya kila safu ndani yake, na 00417 atarudi kesho akiwa na sifuri zake.

Faili la mazoezi nimeshaliweka, lina mitego yote mliyoiona na mingine ambayo sikuitaja. Fungueni kompyuta, kaeni wawili wawili, mtu wa R na mtu wa Python.