Douglas aliyekufa Otterburn: achaneni na vita, tuongee mirathi

Haya jamani tukae, wa nyuma mnanisikia? Poa. Wengi wenu mshanisikia nikilipigia kelele jambo hili, na leo narudia tena bila aibu.

Kila akitajwa James Douglas, Earl wa pili wa Douglas kule Uskoti (Earl ni cheo cha bwana mkubwa mwenye ardhi), habari ni zilezile. Agosti 1388, Waskoti wamevuka mpaka kuingia Uingereza, James kamnyang'anya Hotspur, yule shujaa wa Kiingereza Henry Percy, kibendera cha mkuki wake pale Newcastle, Hotspur kapandwa na hasira kawafuata mpaka Otterburn, wakachapana usiku, James kauawa, wenzake wakaficha msiba ili jeshi lisitawanyike, kulipokucha Hotspur ni mateka. Maiti kashinda vita! Watu makofi, wanaenda kunywa chai. Sasa mimi naona hapo ndo mambo yanaanza, maana huyo maiti alikuwa na ardhi nyie.

Angalieni. James kaoa Isabella, binti wa mfalme Robert II, na ndoa haikuacha mtoto. Nje ya ndoa anao wawili, William na Archibald. Ana dada, Isabel, kaolewa na Malcolm Drummond. Basi pigeni picha kikao cha baada ya arobaini, shemeji mtu kashakaa mkeka wa mbele na anaongea kuliko wenye msiba. Ndo Drummond huyo, anadai mashamba ya Douglas kwa jina la mkewe.

Mara akaingia mzee. Archibald mwingine huyu, si yule mtoto, wenyewe walimwita the Grim, mtu wa uso wa kutisha. Huyu ni mtoto wa nje wa Sir James Douglas, yule aliyebeba moyo wa mfalme Robert Bruce akauawa nao Teba, Uhispania, 1330. Kwa hesabu za kwetu ni baba mkubwa wa marehemu kabisa, maana... ngoja, nisiwachanganye: baba yake Archibald na babu yake marehemu ni ndugu, tumbo tofauti lakini baba mmoja. Umri umekwenda, kapigana maisha yake yote, na mkononi ana waraka.

Najua kuna mtu hapo anataka kuniambia mtoto wa nje harithi. Nani kakataa? Ni kweli, na ndo maana wale wawili wa James hawakuupata u-Earl, William aliambulia mashamba ya Drumlanrig na mwenzie ya Cavers. Lakini mwaka 1342, James mwenyewe hajazaliwa, ukoo uliandikisha mali ipite kwa wanaume tu, na kwenye ile foleni jina la mzee Archibald limo, limeandikwa, hata kama mama yake hakuolewa. Waraka wa miaka 40 na ushee! Bunge likakaa 1389 likasema mzee ndiye Earl wa tatu. Drummond akaangukia pua. Upanga wa Otterburn haukuamua hata shamba moja hapo, aliyeamua ni karani ambaye hata jina lake hamlijui, na mnaniuliza kwa nini nakasirika.

Na bado. Baba yake James, Earl wa kwanza, alizaa nje pia, na mnajua na nani? Na wifi ya mkewe! Margaret Stewart, mjane wa kaka yake mke, mwenye u-Earl wake mwenyewe wa Angus aliourithi kwao. Mtoto anaitwa George, ndugu wa James kwa baba. Mama huyu hakulia na mtu, mwaka uleule wa 1389 akaiachia Angus kwa mfalme ili apewe mwanawe, George bado mtoto, na baadaye akamuoza binti wa mfalme Robert III. Kwenye hadithi zenu za mashujaa mama huyu hayupo kabisa. Yuko wapi? Mmeweka farasi.

Naonyeshwa saa. Haya basi mbio mbio. Earl wa nne wa Douglas kafa vitani Verneuil, Ufaransa, 1424, pamoja na mwanawe na mkwewe, hiyo peke yake ni mhadhara mzima, naiacha. 1440 Earl wa sita, kijana tu, kaalikwa ngome ya Edinburgh na mdogo wake wakakatwa vichwa, na aliyerithi ni babu yao mdogo, mnaona tena? 1452 mfalme James II kamchoma kisu Earl wa nane kwa mkono wake pale Stirling, alikuwa kampa hati ya usalama. 1455 tawi la Archibald likang'olewa, na kina Angus, uzao wa George, walikuwa upande wa mfalme na wakagawiwa ardhi ya ndugu zao.

Habari ya Isabel, yule dada wa James, na ngome yake ya Kildrummy sikugusa, inaniuma. Maswali karibuni, ila asiniulize mtu habari za Hotspur.