Shehia ikihama wilaya: jedwali linalojirejea lenyewe

Assalaam alaykum. Tuanze na nyumbani. Zanzibar ina mikoa 5 na wilaya 11, na chini ya wilaya ndizo shehia. Kuyaweka haya kwenye hifadhidata, wengi wenu mngechora majedwali matatu. Mimi nachora moja, naliita maeneo: nambari, jina, mzazi. Safuwima ya mzazi inabeba nambari ya mstari mwengine wa jedwali lilelile. Shehia ya Bububu inaelekeza wilayani, wilaya inaelekeza mkoani. Mkoa hauna mzazi, pale tunaacha NULL, yaani hakuna thamani.

Haya, Wilaya ya Magharibi ikagawanywa, Magharibi A na Magharibi B. Mwenye pupa hukimbilia kuufuta mstari wa zamani. Ikiwa ufunguo wa kigeni, yaani sharti kwamba kila mzazi awe mstari uliopo, umewekwa wa kawaida, hifadhidata itagoma, maana shehia bado zimeushika. Ingiza A na B, hamisha watoto, Bububu kwa A, Fuoni kwa B, ndipo ufute.

Hilo jepesi. Lililonikesha ni safuwima ya nne, njia, inayoandika ukoo mzima: Mjini Magharibi/Magharibi A/Bububu. Hapo jedwali lazima lijisome lenyewe, basi tunalipa lakabu mbili, m kwa mtoto na p kwa mzazi, kama mtu aitwavyo hivi kazini na vile barazani. Kwenye programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, ambako || huunga maneno:

UPDATE maeneo m
SET njia = p.njia || '/' || m.jina
FROM maeneo p
WHERE m.mzazi = p.nambari;

Nikaiendesha, haikulalamika. Magharibi A imekaa sawasawa, maana njia ya mkoa ilikuwapo. Bububu tupu!

Amri moja husoma jedwali kama lilivyokuwa ilipoanza. Wakati huo Magharibi A ilikuwa mpya, njia yake NULL, na NULL ukiiunga na neno lolote kwa || unapata NULL. Nikairudia amri ileile, Bububu ikajaa. Kila mzunguko unashuka ngazi moja tu.

Usipojua ngazi ni ngapi, tumia WITH RECURSIVE, swali linalojirudia lenyewe ngazi kwa ngazi: anza na wasio na mzazi, shuka ukijenga njia, kisha UPDATE moja ichukue matokeo. PostgreSQL inayo tangu toleo 8.4 la mwaka 2009. Wanaotumia MySQL, programu nyengine ya hifadhidata, swali la ndani juu ya jedwali unalolibadilisha litawapa kosa 1093, andikeni JOIN, yaani liungeni jedwali na lenyewe.

Siku hizi, kabla ya COMMIT, amri ya kuthibitisha mabadiliko, nahesabu kwanza mistari ambayo njia yake ni NULL. Siku ile sikuhesabu. Sheha mmoja akanipigia simu asubuhi: "Mwanangu, shehia yangu mmeipeleka wapi?"