Mwili Unapozigeukia Mbegu Zake

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na vijana, karibuni mbele, huko nyuma hamtasikia.

Hapa Lindi ndoa ikikaa miaka bila mtoto, anayezungushwa kwa waganga ni mke. Mume anabaki barazani anacheza bao. Leo namsema huyo wa barazani.

Kinga ya mwili hujifunza mapema kipi chake na kipi kigeni. Mbegu za kiume huanza kutengenezwa baadaye sana, mtoto anapobalehe, kwa hiyo kinga haizitambui. Ni kama mlinzi aliyeajiriwa kabla bwana hajaoa: bibi harusi akifika usiku, anazuiwa getini. Kinachotuokoa ni ukuta. Ndani ya korodani kuna seli alizozieleza Mtaliano Enrico Sertoli mwaka 1865. Zimebanana, zinazitenga mbegu na damu.

Ukuta huo ukibomoka, kinga huziona mbegu na kutengeneza kingamwili, yaani chembe za kuzinasa mbegu hizo kama adui. Huubomoa teke la mpirani, maambukizi, korodani kujisokota, hata upasuaji. Wanaume waliofunga uzazi kwa kukatwa mirija, zaidi ya nusu hukutwa na kingamwili hizo. Mbegu zilizonaswa hugandana, vichwa kwa vichwa au mikia kwa mikia, na kuupenya ute wa mlango wa kizazi huwa kazi ngumu. Mwenyewe hana maumivu, na kitandani yuko imara. Ndiyo maana anabisha kupimwa! Nguvu za kiume hazihusiani kabisa na jambo hili.

Najua mtauliza mabusha. Ya huku kwetu kwa kawaida huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Maji hujaa kwenye mfuko unaozunguka korodani. Hilo ni jambo jingine.

Kukutwa na kingamwili si kuwa tasa. Wapo wanaozaa nazo. Zamani walipewa kwa wingi dawa za steroidi, za kuipunguza makali kinga, lakini madhara yake ni mazito, hata mfupa wa nyonga unaweza kufa. Siku hizi mbegu moja huchomwa kwa sindano ndani ya yai, njia iliyotangazwa na madaktari wa Brussels mwaka 1992. Inafanya kazi, ila bei yake si ya mkulima wa korosho.

La bure ni hili: kijana akishikwa ghafla na maumivu makali ya korodani, msimkande, msingoje kukuche. Korodani iliyojisokota huokolewa zaidi ikifunguliwa kabla ya saa 6 kupita tangu maumivu yaanze. Mwamsheni mtu wa bodaboda, afike hospitali ya Sokoine usiku huohuo.